Amezikwa Adana, Ameolewa Izmir

Mlango ule tuliouacha Jumapili iliyopita ukilia kwenye bawaba zake ulifunguka wote, na nyuma yake alisimama mtu ambaye Shukufe Hanim hakutaka kumwona hata ndotoni.

Rukneddin Bey! Kanali mstaafu, mwenyekiti wa waamuzi wa Tulipu ya Fedha, tuzo ya taifa ya filamu!

Na Shukufe wetu amekumbatia mikebe mitatu ya bati, ya duara, mipana kama sinia. Mikebe hiyo ikifunguliwa mbele ya waamuzi, kazi yake yote imekwisha.

“Dada, umebeba nini?” aliuliza kanali.

“Bureki,” alisema Shukufe.

Kwa nini bureki, mikate ya tabaka ya kuoka? Hata yeye hakujua. Neno lilimtoka lenyewe.

“La nini?”

“La jibini, Rukneddin Bey. Jingine mchicha. Na hili la chini... nyama.”

Uso wa kanali ukalainika kama siagi juani. Ilikuwa saa saba mchana, na waamuzi walikuwa wamefungiwa humo ndani tangu asubuhi kwa chai tupu.

“Mungu hakututupa,” alisema. “Ingia, dada. Ingia upesi kabla hawajauana.”

Akamvuta kwa mkono wa gauni, mlango ukafungwa.

Aliyekosa gazeti la wiki jana nimfungashie kwa ufupi, tusichelewe. Shukufe ni mkataji wa filamu. Miaka ishirini na miwili anakaa kwenye chumba cha chini ya ardhi pale Beyoglu, Istanbul, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe mwekundu, anakata na kuunga, anakata na kuunga. Filamu mia nne zimepita mikononi mwake, na jina lake halijaandikwa hata kwenye moja. Dereva ameandikwa. Mpika chai ameandikwa. Mwaka juzi aliandikwa farasi!

Mama yake, bibi wa miaka themanini, anajua binti yake ni fundi wa nguo, maana kila jioni akimwuliza umeshindaje, anajibiwa, “Nimekata siku nzima, mama.”

Sasa mwaka huu Tulipu ya Fedha, ambayo yenyewe ndiyo kwanza ina umri wa miaka miwili, imeongeza zawadi ya mkataji bora. Bedri Bey, mwenye kampuni, alimwapia Shukufe kwa mashalubu yake: “Nimekuandikisha. Wakikuchagua, jina lako litasomwa jukwaani saa kumi alasiri, na mama yako atasikia.” Lakini kuna jambo la kuficha, na ndilo lililo ndani ya mikebe. Bedri Bey alikuwa amemtuma aitoe kwenye chumba cha mashine kabla waamuzi hawajaiona.

Kitendawili! Nina binti mmoja: Adana amezikwa, Izmir ameolewa, Samsun anakunywa chai. Ni nani?

Shikilieni jibu lenu, twende ndani.

Ndani kulikuwa na moto. Waamuzi watatu walikuwa wamesimama, wawili juu ya sakafu na mmoja juu ya kiti.

Aliye juu ya kiti alikuwa Durdu Aga wa Adana, mtu mwenye shingo kama gogo, na alikuwa analia.

“Kifo kile!” alilia. “Mimi nimeona watu wakifa kwenye filamu, lakini Zeliha alikufa mpaka nikasahau kuvaa kofia kwenda nyumbani. Wiki ya tisa sasa Adana wanarusha viatu kwenye pazia kumzuia asijitupe mtoni!”

“Nani kajitupa mtoni?” alifoka Mualla Hanim wa Izmir, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo. “Zeliha kaolewa, bwana wee! Kasimama darajani na shela lake, harusi ikapigwa. Mimi nimeshonesha mapazia ya sebuleni kwa mtindo wa gauni lile!”

“Nyote wawili mlisinzia,” alisema Idris Kaptan wa Samsun, polepole, huku akikoroga chai isiyo na sukari. “Hakufa, hakuolewa. Alikataa harusi, akarudi kwenye kinu chake cha kusaga unga, akajimiminia chai. Safi kabisa. Hiyo ndiyo filamu.”

“Kaptan, wewe uliingia sinema ya jirani!” alisema Mualla Hanim.

“Na wewe Mualla umepewa soseji na Bedri Bey useme umeiona!”

“Soseji? Mimi? Shuka hapo kwenye kiti, Durdu Aga, uniambie vizuri!”

Haya, jibu mmelipata. Zeliha wa kwenye *Zeliha wa Kinu*, filamu ya Bedri Bey. Binti wa kinu, mpenzi wake mtoto wa tajiri, daraja, shela, mto. Filamu moja, miisho mitatu. Maana ndivyo biashara yao inavyokwenda: wenye sinema wa kila mkoa hupiga simu Istanbul na kuagiza. Adana wanataka kulia. Izmir wanataka harusi. Samsun hawapendi makelele. Na anayewapikia wote hao ni Shukufe, kwa mkasi mmoja.

Na kanuni ya tatu ya Tulipu ya Fedha inasema hivi: filamu iwe moja, ile ile, kwa taifa zima.

“Kimya!” Rukneddin Bey alipiga meza, vikombe vikaruka. “Watu watatu, filamu moja, hadithi tatu. Wawili kati yenu ni waongo. Nikiwajua nawafukuza, naandika barua Ankara, na tuzo hii naifunga leo leo!”

“Kanali,” aliuliza Idris Kaptan, “wewe mwenyewe uliona mwisho upi?”

Kanali akakohoa. Akapangusa kifungo cha koti.

“Mimi niliona... ule wa mwishoni kabisa. Ulioandikwa ‘Mwisho’.”

Durdu Aga akashuka kwenye kiti. Shukufe akajua siri ya kwanza ya siku hiyo: mwenyekiti alilala tangu majina ya mwanzo!

“Tule kwanza,” alisema kanali haraka. “Dada, bureki.”

Shukufe akaikumbatia mikebe zaidi.

Hapo mezani, mbele ya kanali, palikuwa na karatasi ya majina ya wanaoshindania zawadi. Ilikuwa imemgeukia yeye kanali, kwa Shukufe ikawa juu chini. Lakini mtu aliyesoma filamu miaka ishirini na miwili ikipita kwenye taa, mara kichwa juu, mara miguu juu, mara kinyumenyume, karatasi iliyopinduka ni nini kwake?

Akasoma. *Zeliha wa Kinu*. Mkataji...

Akasoma tena.

Mkataji: Bedri Chinar.

Bedri! Bedri Bey mwenyewe! Yule aliyeapa kwa mashalubu! Mtu asiyejua mkasi unashikwa upande gani!

Damu ilimpanda Shukufe mpaka masikioni. Akinyamaza, filamu inabaki kwenye mashindano, na Bedri anapanda jukwaani kuchukua tulipu, na mama yake anampigia makofi Bedri. Akisema, filamu inatupwa nje, na jina lake linabaki chini ya ardhi pale lilipo.

Dirisha dogo la mlango likagongwa kidogo. Mashalubu mawili yakatokea kwenye kioo. Bedri Bey! Akaweka kidole mdomoni: shsh.

Wasomaji wangu, hakuna kitu kibaya kama kumwambia shsh mwanamke aliyenyamaza miaka ishirini na miwili.

Shukufe akafungua mkebe wa kwanza.

“Hili si bureki,” alisema kanali kwa uchungu wa kweli.

“Si bureki, Rukneddin Bey. Hawa si waongo, wote watatu wameona kweli. Mimi ndiye niliyemuua Zeliha Adana. Mimi nimemwoza Izmir. Na chai ya Samsun nimeimimina mimi.”

“Wewe nani?”

“Shukufe Tarakchi. Mimi ni mkataji.”

Mlango ukafunguka kwa kishindo, Bedri Bey akaingia, amejaa jasho na tabasamu.

“Waheshimiwa, msimsikilize! Huyu anafagia tu. Leo ana homa.”

“Kaa chini, Bedri Bey,” alisema kanali. “Zimeni taa. Nataka kuona kwa macho yangu.”

Na safari hii, nawaambieni, hakusinzia.

Shukufe aliweka mikebe kwenye mashine mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kwanza Adana. Zeliha yuko darajani, shela linapepea, kuku anavuka daraja nyuma yake, Zeliha anajitupa, mto unammeza. Mwisho.

Mualla Hanim akavua miwani. “Masikini! Masikini mtoto wangu! Na Izmir tulikuwa tunakula keki tu!”

Ukafuata wa Izmir. Mto unachemka, Zeliha anachomoka majini, anapaa, anatua darajani akiwa na shela kavu kabisa, ngoma zinalia. Na nyuma yake kuku anavuka daraja kinyumenyume.

“Ni mkanda ule ule!” aliruka Idris Kaptan. “Kaugeuza! Mwoneni kuku!”

“Mimi yule kuku nilimwandikia makala nzima gazetini,” alisema Mualla Hanim kwa sauti ndogo. “Nilisema ni kuku wa kisasa, anaonyesha taifa linavyotazama nyuma. Na gauni nilidhani ni kitambaa kipya kisicholowa.”

Lakini Durdu Aga hakucheka. Durdu Aga alikuwa ameinuka gizani, mikono kichwani.

“Yu hai,” alisema. “Izmir yu hai! Wiki tisa sisi tunazika, wenzetu wanacheza ngoma? Kwa nini Adana tupewe maiti?”

“Kwa sababu mliagiza, Durdu Aga,” alisema Shukufe. “Shemeji yako mwenye sinema alipiga simu mwenyewe. Alisema, ‘Muue vizuri, na iwe taratibu.’”

Durdu Aga akatoka mbio mpaka kwenye simu ya kwenye ujia. Sauti yake ilisikika mpaka chumba cha tatu.

“Shemeji! Simamisha filamu! Yu hai! Yu hai huko Izmir! Nani? Mwanamke mmoja hapa, Shukufe Tarakchi jina lake. Ndiyo, kwa mkasi! Waambie watu!”

Mkebe wa tatu ulipokwisha, Zeliha wa Samsun akiwa amepuliza chai yake, kanali aliwasha taa. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Kanuni ni kanuni,” alisema. “Filamu hii nje. Imefutwa.”

Ndiyo hivyo, basi. Shukufe akaanza kukusanya mikebe yake.

“Ngoja, dada. Filamu nimeifuta. Kanuni ya tatu inasema filamu iwe moja, haijasema chochote juu ya mkataji. Mtu anayeua na kuozesha kwa mita nane zile zile za mkanda, kisha akachemsha chai, mimi jeshini ningempa nyota. Waamuzi?”

Mikono mitatu ikaenda juu. Wa Durdu Aga ulikwenda juu ingawa alikuwa hajamsamehe.

“Asanteni sana,” alisema Bedri Bey, akasimama akafunga kifungo cha koti. “Naipokea kwa unyenyekevu. Jina langu ndilo liko kwenye karatasi.”

Mnamwona huyu mtu?

“Bedri Bey, humwogopi hata Mungu?” alisema Shukufe.

“Karatasi ni karatasi, Shukufe. Wewe nilikuwa nakwambia, unakata. Hesabu mimi ndiye nimekata.”

Kanali akatazama karatasi, akamtazama Shukufe, akakwama. Karatasi kweli ilikuwa na sahihi na mhuri.

Shukufe akavua mkasi shingoni, akauweka mezani.

“Zimeni taa tena,” alisema. “Kila mtu apewe vipande viwili vya mkanda na gundi, aunge gizani. Filamu ina upande wenye dawa na upande mtupu. Ukikosea upande, gundi haishiki. Mkataji wa kweli haulizi wala haangalii.”

“Kitu kidogo!” alisema Bedri Bey.

Vipande vya Bedri vilitoka kwenye mkebe wa Izmir, pale pale Zeliha anapochomoka majini. Taa zikazimwa.

Shukufe akagusisha mkanda kwenye mdomo wake wa chini, kama anavyofanya kila siku: upande wenye dawa hunata kidogo kwenye mate, upande mtupu huteleza. Akakwangua, akapaka, akabana, akahesabu hadi kumi.

Sasa, Bedri Bey alikuwa amewahi kumwona Shukufe kazini mara moja, kwa mbali. Aliona tu kwamba anaweka mkanda mdomoni na kwamba kuna gundi. Kipi kinatangulia, hakusubiri kuona.

“Mmmf,” ilisikika sauti gizani.

“Nani huyo?” aliuliza kanali.

“Mmmf! Mmmmf!”

Taa zikawashwa.

Mkanda wa Shukufe ulikuwa umeungwa, umenyooka, ukiuvuta hauachii. Na Bedri Bey alikuwa amesimama wima, macho yamemtoka, na kwenye mashalubu yake ya kulia amening'inia Zeliha na shela lake, urefu wa mkono mzima.

Mualla Hanim akavaa miwani yake vizuri.

“Bedri Bey,” alisema, “huo ni mwisho wa nne.”

Idris Kaptan alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Walijaribu maji ya moto, walijaribu mafuta ya zeituni, Durdu Aga alijaribu kuvuta na Bedri Bey akapiga yowe la kusikika bandarini.

“Dada,” alisema kanali kwa upole, “nadhani kazi ni yako.”

Shukufe akachukua mkasi. Akakata mara moja tu. Safi.

Bedri Bey akanyakua mkanda na nusu ya mashalubu iliyogandia, akaviingiza mfukoni, akatoka ameziba mdomo kwa kiganja.

Saa kumi alasiri ukumbi ulijaa. Saa kumi na mbili ungekuwa na harusi ya watu, ndiyo maana keki ya ghorofa tano ilikuwa tayari jukwaani, na washindi walikuwa wanaizunguka kwa adabu. Tulipu zenyewe, maua ya fedha, zilichongwa na fundi wa mabirika ya kahawa, kila moja imeinama upande kama inayosikiliza umbea.

Bedri Bey alikaa nyuma ya nguzo, leso mdomoni.

Rukneddin Bey akafunua karatasi. Lile jina lenye mhuri alikuwa amelifuta kwa kalamu nyekundu, mstari wa kijeshi.

“Mkataji bora wa filamu kwa taifa zima,” alisoma, na sauti yake ikafika mpaka viti vya juu. “Shukufe Tarakchi!”

Shukufe alikuwa amelisubiri jina hilo miaka ishirini na miwili. Lilipokuja, hakuinuka. Alidhani kuna Shukufe mwingine.

Aliyeinuka alikuwa mama yake, safu ya tatu, na fimbo yake.

“Huyo ni wangu!” alipaza sauti. “Fundi wa nguo! Kamshonea nani?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Shukufe akapanda jukwaani, akapokea tulipu yake iliyoinama.

“Mama, nilikwambia nakata.”

“Hukuniambia unakata nini!”

“Nakata watu, mama. Nawaua, nawafufua, nawaoza.”

Bibi akafikiri kidogo. “Na muda wote huo ukashindwa kujioza mwenyewe?”

Hapo hata kanali alishika keki ya watu asianguke. Na Shukufe alicheka na kulia kwa pamoja, maana sasa mama yake anajua, na ukumbi mzima unajua, na jina halirudi tena chini ya ardhi.

Ndipo tarishi wa posta alipopita katikati ya viti, kofia mkononi.

“Shukufe Tarakchi? Simu ya maandishi. Ya haraka.”

Ameandikwa tena! Mara ya pili siku moja! Akaifungua kwa furaha, akaisoma, na furaha ikamganda usoni. Kanali akaichukua akasoma kwa sauti, bila kufikiri, mbele ya kipaza sauti.

“KWA SHUKUFE TARAKCHI MWENYE MKASI. TUMEJUA NI WEWE ULIYEMUUA. MABEHEWA SITA TUMEYAJAZA. TUNAFIKA KESHO. TUNAMTAKA AKIWA HAI. ADANA.”

Durdu Aga akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

“Wamekuandika jina lote?” aliuliza mama.

“Lote, mama.”

“Basi ni wageni wako. Mabehewa sita! Una nini cha kuwapa?”

“Alisema ana bureki,” alisema kanali, ambaye alikuwa bado hajasahau.

Lakini Shukufe hakuwa anasikia. Alikuwa anahesabu vidole. Mkanda wa Adana, upo, lakini kuugeuza tena kunataka wiki nzima ya maabara. Chai ya Samsun, ipo. Zeliha akichomoka majini, akiwa hai, shela kavu, kuku kinyumenyume... Nakala za Izmir zilishakwanguliwa na mashine mpaka zikawa mistari mitupu kama mvua. Kipande kizima kilichobaki nchini kilikuwa kimoja tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekikata saa nane mchana, pamoja na mashalubu, kikaenda mfukoni mwa Bedri Bey.

Akageuka kutazama nyuma ya nguzo.

Kiti cha Bedri Bey kilikuwa kitupu. Juu yake ilibaki leso, na mlango wa nyuma wa ukumbi ulikuwa ukicheza kwenye bawaba.